Dawa ya Presha ya Mzee Mmoja Haimfai Jirani Yake

Katika kliniki za shinikizo la damu hapa Mtwara tunapokea malalamiko kwamba wazee wawili wenye vipimo vinavyokaribiana hupewa dawa tofauti, na ndugu huona kuwa mmoja amepunjwa. Hakuna aliyepunjwa.

Figo zinapohisi msukumo wa damu umepungua, hutoa renini, ambayo huanzisha mfululizo wa mabadiliko unaozaa angiotensini ya pili. Homoni hiyo hubana mishipa na kuzichochea tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, zitoe aldosteroni, nayo huzuia chumvi na maji visitoke kwa mkojo. Dawa ya presha iitwayo enalapril hupunguza utengenezaji wa angiotensini hiyo, na nyingine iitwayo losartan huizuia isifanye kazi. Uzeeni, hata hivyo, renini kwa kawaida hupungua, mishipa mikubwa hukakamaa na figo huitoa chumvi kwa shida, ndiyo maana namba ya juu ya kipimo cha presha hupanda ilhali ya chini imetulia. Kwa mzee wa namna hiyo, amlodipini, dawa ya kulegeza mishipa, au dawa ya kuongeza mkojo mara nyingi hufaa zaidi, lakini mwenzake ambaye kisukari kimeshamgusa figo anaweza kuhitaji losartan. Wapo pia ambao aldosteroni yao imezidi bila kuchochewa na renini. Presha yao hugoma hata wakimeza dawa tatu, na hao huhitaji vipimo vya damu. Kuazimana vidonge kibarazani hakuyajui hayo yote.

Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa pamoja na iliyomo kwenye ng'onda na korosho za kukaanga. Diklofenaki, ambayo wengi huinunua dukani kiuno kinapouma baada ya kuinama siku nzima wakiokota korosho, huzifanya figo zishikilie chumvi na hudhoofisha dawa za presha.

Siku ya kliniki mzee ameze dawa zake kama kawaida. Kuziacha "ili presha ionekane yenyewe" kunatupotosha sisi na kumhatarisha yeye. Asivute sigara wala kunywa kahawa nusu saa kabla ya kupimwa, aketi dakika 5 akiwa ameegemea, miguu ikigusa sakafu, mkono ukiwa wazi na umepumzishwa usawa wa moyo, bila kuzungumza. Atapimwa mara mbili, kisha akiwa amesimama, kwa kuwa namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi anaposimama, yumo hatarini kuanguka na dawa zake zitapitiwa upya. Aje na vidonge vyote ndani ya pakiti zake, vikiwamo vya kiuno na alivyoazimwa.