Kiharusi Si Jina Jingine la Kupooza

Kiharusi ni hali ya sehemu ya ubongo kukosa damu ghafla, ama kwa sababu mshipa umezibwa na bonge la damu, ama kwa sababu umepasuka na damu ikavujia ubongoni. Maana ni hiyo, wala si ngumu. Kinachonisumbua ni kuendelea kusikia, hata kwa watu waliosoma, kwamba mgonjwa fulani "ni presha tu, si kiharusi, maana hajapooza".

Presha ni chanzo kikubwa cha kiharusi, lakini tukio lenyewe ni la ubongo. Katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 2022, kiharusi kimewekwa miongoni mwa magonjwa ya mfumo wa neva. Ama kupooza, neno hilo linajieleza: tunda lililonyauka na kudondoka kabla ya kukomaa huitwa pooza, na kiungo kilichopooza kimeishiwa nguvu vivyo hivyo. Linataja hali ya kiungo, bila kusema chochote kuhusu sababu. Polio hupoozesha, hata tumezoea kuiita ugonjwa wa kupooza, na jeraha la uti wa mgongo hupoozesha pia. Kwa upande mwingine, mtu aweza kupatwa na kiharusi akabaki anatembea, huku maneno yakimpotea au jicho likiingia giza. Wengine mdomo huenda upande kwa dakika 10 kisha ukarejea, na hao ndio wanaonitia hofu zaidi, kwa kuwa jamaa zao humshukuru Mungu na kwenda kulala, ilhali siku chache zinazofuata ndizo zenye hatari kubwa ya kiharusi kamili.

Matibabu hayasubiri mkono ulegee. Dawa ya kuyeyusha bonge hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya picha ya CT-scan kuonyesha kwamba damu haivuji ubongoni, kwani aliyepasuka mshipa yaweza kumuua. Ndiyo maana hata aspirini ya nyumbani, inayotolewa kwa nia njema, yaweza kudhuru. Kuchuliwa kwa mafuta hakuzibui mshipa, na saa hizo huishia hapo. Mazoezi ya viungo yana kazi kubwa, lakini zamu yake huja baadaye.

Basi tuseme "amepata kiharusi, na mkono wa kulia umepooza", au "amepata kiharusi, ulimi umekuwa mzito".