Njoo na picha yako ya zamani

Mzee mmoja kutoka Sengerema aliingia ofisini kwangu, ninaposoma picha za eksirei, na bahasha ya kaki iliyochakaa, bado inanuka moshi wa jikoni. Ndani mlikuwa na picha ya kifua aliyopigwa miaka tisa nyuma, alipomaliza miezi sita ya dawa za kifua kikuu (TB). Picha mpya nilikuwa nayo tayari kwenye skrini. Juu ya pafu la kulia kulikuwa na michirizi myeupe, na pafu lenyewe limevutwa juu kama kitambaa kilichofumwa vibaya. Alikotoka walishamwambia TB imerudi, ajiandae kuanza dawa upya.

Nilitoa ile filamu, nikaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Michirizi ni ile ile, mahali pale pale, haijaongezeka hata kidogo. Lilikuwa kovu.

"Kwa hiyo mwanangu, sina ugonjwa?"

"Mzee, kwa picha hizi mbili naona kidonda kilichopona. Makohozi tutapima vilevile, maana kikohozi unacho."

Makohozi yalipimwa, hata yakaoteshwa maabara, hayakuwa na vimelea vya TB. Kikohozi kilitokana na njia za hewa zilizopanuka ndani ya lile kovu. Makohozi hutuama humo na kuleta maambukizi ya mara kwa mara. Tiba yake ni nyingine kabisa. Ile bahasha ilimwepusha na miezi sita ya dawa asizozihitaji.

Naandika haya kwa sababu wagonjwa wengi ninaowaona hapa Mwanza huja mikono mitupu. Picha ya zamani imetupwa, au imesahaulika nyumbani Ukerewe au Magu. Mimi nabaki na kivuli kimoja kisicho na historia.

Na picha ya kifua ni vivuli tu. Mionzi ya eksirei, aliyoigundua Wilhelm Röntgen mwaka 1895, hupita kirahisi penye hewa na hukwama penye mfupa. Ndiyo maana pafu huonekana jeusi na mbavu nyeupe. Ugumu unaanzia hapa: usaha, maji, damu na uvimbe, kimojawapo kikichukua nafasi ya hewa, vyote hutoa weupe unaofanana. Nimonia hunipa dalili ya ziada, kwa sababu ndani ya weupe wake mara nyingi naona matawi meusi ya njia za hewa, kama mti uliopukutika majani. Maji yaliyojaa nje ya pafu hukaa chini na kupanda ukingoni kwa mkunjo, kama maji yanavyopanda ukingoni mwa glasi. Mgonjwa akiwa amesimama, yanahitajika karibu mililita 200, sawa na kikombe cha chai, ndipo ile pembe kali kati ya mbavu na kiwambo, msuli unaotenganisha kifua na tumbo, ianze kufifia. Akipigwa amelala, maji yaleyale hutandaa mgongoni na pafu zima likaonekana kama limefunikwa shela.

Hewa ikitoka kwenye pafu na kunaswa kifuani, naona weusi mtupu usio na hata mshipa mmoja, na ukingo wa pafu lililosinyaa ukionekana kama uzi mwembamba. Ikiwa moyo nao umesukumwa upande wa pili, sisubiri kuandika ripoti, napiga simu wodini.

TB ndiyo inayonichukulia muda mwingi. Kwa mtu mzima hupenda sehemu ya juu ya pafu, karibu na mtulinga, na ikila sana huacha tundu. Lakini tundu hutokea kwa sababu mwili unapigana. Mtu anayeishi na VVU ambaye kinga yake imeshuka sana anaweza kuwa na TB inayoonekana chini ya pafu, au tezi zilizovimba tu katikati ya kifua, au picha iliyo karibu safi. Kwa hiyo kikohozi kikizidi wiki 2, usikubali kurudishwa nyumbani kwa maneno kwamba picha ni nzuri. Omba kipimo cha makohozi. Dawa za TB hapa nchini ni bure.

Kuna aina moja inayonitisha kila nikiiona. Vimelea vikisambaa kwa damu, mapafu yote mawili hujaa vidoa vidogo mno, vya milimita 1 hadi 3, kana kwamba mtu amemwaga ulezi kwenye ungo mweusi. Waliobuni jina la kitaalamu la hali hii walilitoa kwenye neno la Kilatini la nafaka ya jamii hiyohiyo.

Vidoa vinavyokaribia kufanana na hivyo naviona pia kwa vijana waliochimba na kusaga mawe ya dhahabu upande wa Geita, hasa sehemu za juu za mapafu yote mawili. Ni vumbi la mawe lililovutwa kwa miaka. Hakuna dawa ya kulitoa, na linaongeza uwezekano wa kupata TB hata baada ya mtu kuacha machimbo. Kwa picha tu, vumbi na TB vinaweza kunichanganya. Ndiyo maana nauliza kazi uliyofanya, nami naumia mtu akiificha kwa kuhofia kuonekana mchimbaji asiye na kibali. Akina mama waliobanika samaki mialoni miaka na miaka nawauliza hivyohivyo: moshi huwafanya wengine kuwa na mapafu yaliyotuna na kiwambo kilicholala bapa, ingawa mwanzoni picha huwa haioneshi kitu.

Siku ya picha, mteknolojia akisema vuta pumzi, zuia, vuta kwelikweli. Pumzi ikiwa nusu, sehemu ya chini ya mapafu husongamana ikafanana na nimonia, na moyo huonekana mkubwa kuliko ulivyo. Dada zangu wenye misuko mirefu, ifungeni juu ya kichwa. Msuko ulioangukia begani hutoa michirizi juu ya pafu, palepale TB inapopenda kukaa, na nimewahi kumrudisha binti kupigwa picha mara ya pili kwa sababu hiyo tu. Mwenye mimba, au anayedhani anayo, aseme kabla.

Filamu usiikunje, wala usiichomeke darini mvua inapovuja. Iweke bapa ndani ya bahasha, pamoja na kadi ya matibabu. Ukipewa CD, itunze hivyohivyo na uje nayo. Picha ya filamu iliyopigwa kwa simu na kutumwa WhatsApp hainitoshi, kwa sababu vile vidoa vya ulezi ndivyo vya kwanza kupotea.