Huanza Kuondoka Kabla Hajajua: Jinsi Mtu Anavyoiacha Imani ya Kikristo Aliyolelewa Nayo

Nchini Ujerumani kuacha kanisa ni jambo lenye karatasi. Mtu huenda yeye mwenyewe katika ofisi ya umma, ambayo huwa ya msajili au ya mahakama kutegemea jimbo analoishi, akaonyesha kitambulisho, akatamka kwamba anajitoa, akatia saini na, katika majimbo mengi, akalipa ada ndogo. Kwa kawaida hakuna mchungaji mle ndani, wala hakuna anayemwuliza sababu. Nilipokuwa nikifanya utafiti wa sosholojia ya dini mjini Leipzig, muuguzi mmoja wa umri wa miaka thelathini na minne aliniruhusu nimsindikize siku aliyokwenda kujitoa. Shughuli nzima haikuzidi dakika kumi. Karani aligonga muhuri na kumpa nakala, naye akaikunja mara mbili na kuitia katika mfuko wa koti lake la mvua. Tulipotoka nje nikamwuliza kwa nini ameacha. Alikaa kimya kidogo, kisha akanijibu kwamba siku ile hakuacha kitu. Aliacha akiwa na miaka kumi na miwili, mwaka aliofariki bibi yake, kwa kuwa bibi ndiye aliyekuwa akisali naye kabla ya kulala na kumshika mkono kwenda kanisani, na baada ya mazishi hakuna mtu mwingine nyumbani aliyekifungua tena kile kitabu cha nyimbo.

Jibu hilo nimelisikia, kwa maneno tofauti, katika mazungumzo mengi mno hata siwezi kulichukulia kuwa kisa cha mtu mmoja.

Lugha yetu ina maneno mengi ya kumtaja mtu wa namna hii, na karibu yote yanamhukumu: ameasi, amekufuru, ameritadi, amepotea, amerudi nyuma. Yote yanamchora mtu aliyesimama njia panda, akajua analolifanya, akachagua vibaya. Lipo hata hivyo neno moja la kawaida kabisa, ambalo washarika hulitumia bila kufikiri sana, nami naliona kuwa sahihi kuliko yote: amepoa. Uji haupoi kwa sababu umeamua kupoa. Hupoa kwa kuwa umeondolewa motoni na hakuna aliyeufunika. Mtu akitaka kuelewa kwa nini watu huiacha imani waliyolelewa nayo, na aanze kwa kuuliza ni lini moto uliondolewa na ni nani alikuwa karibu wakati huo. Sababu anazozitaja mwenyewe siku ya mwisho nazo zina uzito wake, lakini mara nyingi zimekuja baadaye.

Ujerumani inatusaidia kuliona jambo hili kwa sababu tarehe zimeandikwa. Mwaka 2022 Wakatoliki 522,821 walijitoa rasmi katika kanisa lao, idadi ambayo haijawahi kufikiwa kabla ya hapo, na Waprotestanti wapatao 380,000 wakajitoa mwaka huo huo. Wengi hutaja sababu mbili. Ya kwanza ni kodi ya kanisa: msharika mwenye kipato hukatwa kiasi kinacholingana na asilimia 8 ya kodi yake ya mapato katika majimbo ya Bavaria na Baden-Württemberg, na asilimia 9 kwingineko, na makato hayo huyaona katika hati yake ya mshahara kila mwezi. Mtanzania Mlutheri anayehamia huko kikazi, akajiandikisha na kujibu kwa moyo mweupe swali la dini, naye hukatwa vilevile, na wengi hushtuka. Sababu ya pili ni unyanyasaji wa watoto. Ripoti iliyotolewa Septemba 2018 kwa agizo la maaskofu Wakatoliki wenyewe ilibainisha waathirika 3,677 na makasisi 1,670 waliotuhumiwa kati ya mwaka 1946 na 2014. Waliojitoa mwaka 2018 walikuwa zaidi ya 216,000. Mwaka uliofuata wakafika 272,771.

Sina nia ya kuipunguza aibu hiyo. Mtoto aliyeumizwa na mtu aliyemwita Padre ana haki ya kuondoka na kutorudi, na kanisa lililomficha mkosaji halina la kumwambia. Lakini idadi ya waathirika na jamaa zao haiwezi kueleza mamia ya maelfu ya watu wanaojitoa kila mwaka, na kodi imekuwapo tangu enzi za babu zao, ambao waliilipa na wakabaki. Ninavyoona mimi, makato na kashfa ni tukio linalomfikisha mtu ofisini, ilhali uamuzi ulikwisha kukomaa ndani yake kwa miaka mingi. Msharika anayejua jina la mchungaji wake, anayeimba katika kwaya, ambaye mwanawe yuko katika darasa la kipaimara, akisikia kashfa hulia, hukasirika, huandika barua kali, na wengi wao hubaki. Aliyepoa zamani husoma habari ile ile gazetini na kuona kwamba hana kinachomzuia. Ndiyo maana kujitoa huko hukithiri katika umri wa miaka ishirini hadi thelathini na mitano, mtu anapopata mshahara wake wa kwanza na kuhama mji wake wa kuzaliwa.

Naomba msomaji anivumilie nikae kidogo upande wa mashariki wa nchi hiyo, kwa maana hapo ndipo somo lilipo. Mwaka 1950 zaidi ya watu tisa kati ya kumi katika Ujerumani Mashariki, iliyokuwa wakati huo nchi ya peke yake chini ya ukomunisti, walikuwa Wakristo kwa jina, wengi wao wakiwa Walutheri, katika nchi ya Luther mwenyewe. Dola lilipoanguka miaka arobaini baadaye walikuwa wamebaki kama theluthi moja. Serikali ya kikomunisti haikufunga makanisa yote. Ilifanya jambo la werevu zaidi: iliushika umri. Kuanzia 1955 ilianzisha kwa vijana wa miaka kumi na minne sherehe yake ya kuingia utu uzima, iliyoitwa Jugendweihe, ikaiweka katika umri ule ule wa kipaimara, pamoja na kiapo cha utii kwa taifa la kijamaa. Aliyekataa aliweza kunyimwa nafasi ya sekondari ya juu na chuo kikuu. Mwanzoni kanisa lilisema kwamba aliyeapa hapewi kipaimara, na wazazi wakajikuta wakichagua kati ya madhabahu na mustakabali wa mtoto. Wengi walichagua mtoto, wakiwaza kwamba imani itabaki moyoni.

Haikubaki, na hili ndilo lililonisumbua zaidi katika utafiti wangu wote. Wazazi wale hawakumkana Mungu. Walinyamaza tu. Mtoto akalelewa katika nyumba ambamo Biblia ilikuwa kabatini na jina la Yesu halikutajwa, na alipopata watoto wake mwenyewe hakuwa na la kunyamazia. Niliowahoji walio na umri wa miaka sitini leo mara nyingi walinisahihisha nilipotumia neno kuacha. Mmoja aliniambia kwa upole kabisa, "Mimi sikuacha. Sikupewa."

Mwaka 1989 ilidhaniwa kwamba wangerudi. Kanisa la Mtakatifu Nikolai hapo Leipzig lilikuwa na sala za amani kila Jumatatu, na jioni ya tarehe 9 Oktoba watu wapatao 70,000 waliandamana katikati ya mji kuipinga serikali hiyo, wengi wakiwa na mishumaa mikononi, bila risasi hata moja kufyatuliwa. Kanisa liliheshimiwa siku zile kuliko taasisi yoyote nchini. Hata hivyo viti vikawa vitupu tena, na leo zaidi ya watu wanane kati ya kumi mjini humo hawamo katika Kanisa Katoliki wala katika Kanisa la Kiprotestanti. Heshima ni kitu kimoja. Kujua kusali ni kingine, na hicho hufundishwa utotoni na mtu unayempenda.

Takwimu za Uingereza zinaonyesha jambo hilo hilo mahali ambapo hakukuwa na dola lililoshurutisha mtu. David Voas na Alasdair Crockett, katika makala yao ya mwaka 2005, waligundua kwamba wazazi wawili wenye dini wana takribani nafasi moja kati ya mbili ya kumrithisha mtoto dini yao, kwamba akiwa mzazi mmoja tu nafasi hiyo hushuka tena kwa nusu, na kwamba wazazi wasio na dini hufanikiwa karibu kila mara kurithisha hali yao. Ukizidisha hesabu hiyo kwa vizazi vitatu huhitaji kashfa yoyote ili kanisa liwe tupu. Nchini Marekani mwanasosholojia Vern Bengtson, aliyefuatilia familia zile zile kwa miongo kadhaa, aliongeza jambo ambalo wazazi wa kwetu wangefaa kulisikia: uchaji wa baba hautoshi, joto la uhusiano wake na mtoto ndilo linalopitisha imani. Baba mkali, mwenye kusali sana na asiyekaa kuzungumza na wanawe, anaweza kuwapoteza pamoja na sala zake zote.

Wapo wanaoondoka kwa kufikiri, na nisipowataja nitakuwa nimewadhulumu. Hawa hawakupoa, walikuwa motoni. Mama mmoja niliyemhoji Afrika Mashariki alimpoteza mtoto wa miaka minne kwa malaria, na kiongozi wa kanisa alilokuwa akiabudu akamwambia mbele ya wanamaombi wenzake kwamba kama imani yake ingekuwa timilifu mtoto angepona. Alirudi nyumbani, akaisoma Biblia nzima kwa miezi minane akitafuta mahali palipoandikwa hivyo, na alipomaliza hakuwa na kanisa wala Mungu wa kumlilia. Wengine huanza na swali la uumbaji wakiwa shuleni, au na maswali kuhusu utumwa na vita katika Agano la Kale, wakayapeleka kwa mwalimu wa kipaimara, wakaambiwa kwamba kuuliza ni kiburi. Swali lililofungiwa mlango halifi. Watu wa namna hii ni wachache kuliko tunavyodhani, lakini huumia kuliko wote, kwa sababu hupoteza kwa mkupuo mmoja rafiki zao, wimbo wao na nafasi yao katika familia.

Katika nchi zetu hakuna ofisi ya kujitoa, na kwa hiyo tunaamini kwamba hakuna wanaojitoa. Tanzania haijauliza dini katika sensa tangu 1967. Kenya huuliza: mwaka 2009 ilihesabu watu 922,128 wasio na dini, na mwaka 2019 ikahesabu 755,750. Wapo waliofurahia upungufu huo. Mimi ninaisoma takwimu hiyo kwa tahadhari, kwa sababu najua jinsi mtu wa kwetu anavyojibu swali la dini akiwa amekaa na mama yake pembeni. Kinachomzuia kusema mara nyingi ni mazishi. Katika sharika na parokia nyingi familia iliyofiwa huulizwa marehemu alikuwa jumuiya gani, namba ya bahasha yake ya sadaka ni ipi, na mara ya mwisho alitoa ahadi lini. Nimezungumza na wanaume wanaolipa bahasha zao kwa uaminifu mkubwa, ambao hawajaamini chochote kwa miaka kumi, na walichokiogopa ni mama zao kuona jeneza likishushwa kaburini bila mchungaji. Hao takwimu haiwaoni, na mchungaji wao pia hawaoni.

Walutheri wa Kilimanjaro walipokea Injili kutoka Leipzig, ambako shirika la misioni lilianza kuwatuma wamisionari wake mlimani mwaka 1893. Mmoja wao, Bruno Gutmann, aliyefika 1902 na kufanya kazi miaka mingi Old Moshi, alishikilia kwamba Mkristo hasimami peke yake, bali husimama ndani ya vifungo vitatu alivyovikuta kwa Wachagga: ukoo, ujirani na rika. Aliwafunga vijana wa kipaimara katika vikundi vidogo vya wenzi, kwa mfano wa vijana walioshika ngao pamoja, ili kila mmoja awe na wa kumwulizia. Alikosolewa, na kwa haki, kwa kuyatukuza mambo ya kale kupita kiasi na kuuogopa mji. Lakini kila nikisoma daftari zangu za mahojiano ya Leipzig naona kwamba alichokiogopa ndicho kilichoupata mji ule uliomtuma.

Vifungo hivyo kwetu sasa vinakatwa na basi la asubuhi. Kijana anatoka Machame au Marangu kwenda Dar es Salaam kusoma au kutafuta kazi, na kati ya usharika anaoutoka na ule anaouendea hakuna anayejua kwamba yuko njiani. Nasema hivi kwa kuwa nilikuwa mmoja wao. Nilipokwenda chuo mwinjilisti wetu aliniandikia barua ya utambulisho, nami nikaikunja na kuitia ndani ya Biblia, ikakaa humo miaka miwili. Usharika nilioutoka haukuuliza kama nimefika, na sharika tatu za mjini nilizohudhuria kwa zamu hazikuuliza nimetoka wapi. Mwaka wa pili nilikuwa nimekwisha kuacha kwenda, bila uamuzi wowote ninaoukumbuka. Nilikuwa nikilala Jumapili asubuhi, basi. Kama kungekuwa na karatasi ya kutia saini ili niepuke makato katika mshahara, naamini ningeitia.

Karibu na hosteli alikuwapo mama mmoja muuza vitumbua, mwimbaji wa kwaya katika mojawapo ya sharika zile. Asubuhi moja alinifungia vitumbua vyangu katika gazeti, akanitazama, akasema, "Mwanangu, wewe si ndiye uliyekuwa unakaa benchi la nyuma karibu na dirisha? Mbona hatukuoni siku hizi? Unaumwa?" Jumapili iliyofuata nilikwenda na ile barua. Mikunjo yake ilikuwa imeanza kuchanika, na mzee wa kanisa aliyeipokea ilimbidi aiunge kwa gundi kabla ya kuliandika jina langu kitabuni.