Kompyuta inajizima na kuwaka yenyewe: kabla hujamlaumu kirusi

Mwezi wa nane, upepo wa Dodoma ukiwa umechachamaa, mama mmoja wa Nkuhungu alishuka kwenye bajaji na sipiyu iliyofungwa kanga, kaipakata kama mtoto mgonjwa. Nikamwamkia.

"Marahaba, baba. Hii ina virusi. Naomba uipige Windows, watoto wana mitihani."

"Inakata mkiwa mnafanya nini, mama?"

Akafikiri. "Jioni jioni. Hasa dada akiwa anapiga pasi."

Nikacheka, naye akacheka, maana kirusi kinachosubiri pasi ishike moto ndipo kianze kazi bado hakijazaliwa. Lakini simlaumu. Karibu kila anayeniletea kompyuta inayojizima na kujiwasha huja na jibu mkononi, na jibu lenyewe huwa ni lile lile alilopewa na jirani. Nitayapitia niliyoyasikia mara nyingi zaidi.

"Ni virusi tu hivyo"

Imani hii haikutoka hewani. Agosti 2003 kirusi kilichoitwa Blaster kilienea duniani kwenye Windows XP na Windows 2000. Kisanduku kilitokea kwenye skrini kikihesabu sekunde 60 kurudi nyuma, kisha kompyuta inajizima na kuwaka. Mwaka 2004 kikaja Sasser, kilichotungwa na kijana wa Ujerumani, na tabia ikawa ile ile. Watu wakaishika hadithi hiyo, wakawarithisha wadogo zao.

Virusi vya leo vina biashara nyingine. Vinataka nywila zako, pesa zako, au vitumie mashine yako kimyakimya. Kirusi kinachozima kompyuta kila nusu saa kinajichongea chenyewe. Havijaisha, lakini kwa tatizo hili siviweki mstari wa mbele.

Kuna jaribio la bure. Washa kompyuta, ingia kwenye ule ukurasa wa mipangilio ya BIOS, ile programu ndogo inayoamka kabla ya Windows (mara nyingi ni F2, Delete au F10 kabla Windows haijatokea), halafu iache hapo nusu saa ukanywe chai. Hapo Windows haijaamka, na kirusi kinachoishi ndani yake hakijaamka pia. Ikikata hapo, acha kuwaza programu. Isipokata bado hujathibitisha kitu, maana pale kompyuta haifanyi kazi nzito.

"Piga Windows mpya, itakaa sawa"

Hili linaniuma kuliko mengine, kwa sababu nimeona picha za harusi zikifutwa kwa ajili ya pawa saplai iliyochoka, kile kiboksi cha ndani kinachoilisha kompyuta umeme. Kupiga Windows, yaani kuifuta na kuiweka upya, ni kama kupaka rangi nyumba inayovuja. Siku mbili unafurahi, mvua ikinyesha unaikuta ndoo sebuleni.

Windows ina daftari lake, na huandika kila inapoanguka. Bonyeza kitufe cha Windows, andika eventvwr, ingiza. Fungua Windows Logs, kisha System. Tafuta namba (Event ID) kwa saa ile kompyuta ilipokata na kuwaka tena. Ukikuta 1074, kuna mtu au programu iliyoamuru kuzima au kuwasha upya, na mara nyingi ni masasisho ya Windows yenyewe. Kapange saa zako za kazi kwenye mipangilio na kelele ziishe. Ukikuta 6008 au 41, kompyuta ilikatika bila kuagana.

Hapa pana mtego wa wale wanaojua nusu. Wakiona 41, na pembeni imeandikwa Kernel-Power, wanakimbilia dukani kununua pawa saplai. Namba 41 haisemi pawa saplai imekufa. Inasema tu kwamba Windows imeamka na kukuta haikuzimwa kwa utaratibu. Ni kama mtu aliyezinduka barabarani: anajua kaanguka, nani kamsukuma hajui. Hata wewe ukichomoa waya ukutani, 41 itaandikwa.

Jambo lingine la dakika mbili. Kwa kawaida Windows ikipata hitilafu kubwa hutoa skrini ya buluu na kujiwasha yenyewe, wakati mwingine haraka kiasi kwamba huwahi kusoma chochote. Andika sysdm.cpl kwenye kisanduku cha kutafutia, nenda Advanced, kisha mipangilio ya Startup and Recovery, uondoe tiki kwenye Automatically restart. Siku nyingine ikianguka, skrini itabaki pale na utapiga picha maneno yake kwa simu. Ukipata MEMORY_MANAGEMENT, unaanza na RAM, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Isipotoa skrini yoyote, ikawa giza na kuwaka tu, basi mwelekeo unahamia kwenye umeme au vyuma.

"Dodoma kuna baridi, haiwezi kupata joto"

Kweli, Juni na Julai usiku tunavaa makoti, na mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Tatizo letu ni vumbi. Mwezi wa tisa ukifungua sipiyu iliyokaa miaka mitatu Ipagala au Nzuguni bila kuguswa, feni ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, huioni. Unaona blanketi jekundu. Chini ya feni kuna vibati vyembamba vya kutawanya joto, na katikati yake vumbi limeshikana na nywele likawa zulia. Feni inazunguka, inalia, lakini hewa haipiti.

Prosesa nyingi za kompyuta za mezani zikikaribia nyuzi 100 hujipunguza kasi kwanza. Joto likizidi, mashine inajikata ili isiungue. Dalili yake iko wazi: kompyuta inaanza nzito, feni inapiga kelele, kisha inazima, na ukiiwasha papo hapo inakata mapema zaidi kuliko mara ya kwanza. Ukiiacha ipoe saa nzima inadumu tena. Joto mara nyingi huzima kabisa, ingawa zipo zinazojiwasha zenyewe.

Wengine wanatatua kwa kuacha mfuniko wazi. Kwa upepo huu? Unalikaribisha vumbi mezani. Na akina mama zangu mnisamehe, kile kitambaa cha kufuma kinapendeza juu ya sipiyu, lakini kikining'inia nyuma kinaziba matundu ya kutolea joto. Zulia nalo linaziba chini. Weka sipiyu juu ya kimeza au stuli.

Ukipuliza kwa blowa, toka nje, chomoa waya wote, na ushike panga za feni kwa kidole zisizunguke. Zikizungushwa kwa nguvu zinaharibika. Ule ute unaopakwa kati ya prosesa na chuma chake nao hukauka ukawa kama chokaa. Ukiondoa chuma hicho, futa wa zamani na upake mpya kiasi cha punje ya choroko.

"Nina stabilaiza, umeme kwangu si tatizo"

Stabilaiza hupandisha au kushusha volti. Haina betri. Umeme ukikatika kwa kupepesa jicho, nayo inakatika. Kile kifaa cha kulinda friji ndiyo kabisa: kazi yake ni kukata volti zikienda vibaya na kusubiri dakika kadhaa kabla ya kurudisha. Kwa friji ni vizuri. Kwa kompyuta ni kukukatia katikati ya barua.

Sasa turudi kwenye pasi. Umeme wetu ni volti 230, mizunguko 50 kwa sekunde, yaani mzunguko mmoja ni milisekunde 20. Pawa saplai nzima huweza kuvumilia pengo la kama milisekunde 16 bila kompyuta kuhisi chochote, kwa akiba iliyomo kwenye kapasita zake. Kapasita zikizeeka, akiba inapungua. Pasi ya wati 1,000 inavuta zaidi ya ampia 4, tena kwa kuwaka na kuzima kadiri joto lake linavyopanda na kushuka. Ukiichomeka pamoja na kompyuta kwenye ekstensheni moja iliyolegea, kila pasi inapowaka kompyuta inanyang'anywa kidogo.

Nilimwomba mama yule aniletee na ekstensheni. Plagi yake ilikuwa nyeusi upande mmoja, plastiki imeyeyuka ikaganda tena, na ukiinusa unapata ile harufu kama ya samaki ya plastiki ya umeme iliyoungua. Hapo nilikuwa sijafungua skrubu hata moja ya sipiyu.

UPS, kile kifaa chenye betri kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika, ndiyo dawa ya kukatika, lakini betri yake huchoka baada ya miaka mitatu hadi mitano, joto likiwa kali mapema zaidi. Hifadhi kazi zako, chomoa UPS ukutani kompyuta ikiwa inawaka. Ikizima hapo hapo, una boksi zito la kuwekea vikombe. Mwenye laptopu yenye betri nzima yeye asitafute mchawi kwenye nguzo. Ikijizima, aanze na joto au RAM.

Na ile swichi nyekundu nyuma ya pawa saplai za zamani, iliyoandikwa 115 na 230, usiiguse. Ukiiweka 115 hapa kwetu utasikia mlio na kuona moshi.

"Ongeza RAM"

RAM ndogo inachelewesha kompyuta, haiiangushi. RAM mbovu au iliyolegea ndiyo inayoiangusha. Zima, chomoa waya, gusa chuma cha kasha, toa kadi ya RAM, sugua meno yake ya dhahabu taratibu kwa kifutio cha penseli, futa unga wote, irudishe mpaka vishikizo vilie. Kama ziko mbili, tumia moja moja kwa siku kadhaa. Windows ina kipimo chake pia: andika mdsched, iache ijiwashe na kupima.

Mengine hayana maneno mengi. Betri ya saa, ile CR2032 ya volti 3, ikifa unapoteza tarehe na mipangilio, si umeme. Kitufe cha kuwashia kilichonata kwa vumbi na soda kinaweza kuzima mashine, kipime kwanza maana hakina gharama. Kuna wanaosema Windows 10 imezimwa na wenyewe: hapana, Microsoft iliacha kuihudumia Oktoba 14, 2025, lakini haikuweka saa ya kuzima kompyuta za watu. Na pawa saplai si ya kufungua kwa bisibisi ya nyumbani. Inahifadhi chaji hata ikiwa imechomolewa. Njia ya uhakika ni kuazima nzima na kubadilisha kwa siku mbili.

Mama wa Nkuhungu alilipia ekstensheni mpya na kupuliziwa vumbi. Windows yake ni ile ile. Pasi imehamia soketi ya jikoni.

Mezani kwangu sasa hivi kuna nyingine, ya mwalimu wa Chamwino, inayoanguka akifungua video na si vinginevyo. Nimetoa RAM moja kati ya mbili, nimeiwekea video zicheze mfululizo. Leo ni siku ya tatu haijakata. Kesho natoa hii, narudisha ile.