«Lakini si imeandikwa nyuma?» Dhana potofu kuhusu saa kongwe zisizopitisha maji

Hakuna sentensi inayofikisha saa nyingi zilizoota kutu kwenye meza ya fundi kama hii: «Lakini si imeandikwa nyuma, mita 150?» Ndiyo, imeandikwa. Iliandikwa kiwandani, wakati mipira ilikuwa mipya, kioo hakina ufa na kifundo cha kurekebishia majira hakijavutwa hata mara mia. Maandishi kwenye chuma yanadumu miaka mingi sana. Mpira haudumu hivyo.

Kinachozuia maji ni mipira: wa mfuniko wa nyuma, ule mdogo ulio ndani ya kifundo, na wa kioo. Saa zenye kioo cha plastiki mara nyingi hazina mpira wa kioo; kioo chenyewe hubana kwenye ukingo wa bodi (gamba la nje la saa), mara nyingi kwa msaada wa pete ya chuma ndani yake. Mpira uliokaa miaka thelathini hukauka na kulala bapa kwa kufuata umbo la mfereji wake. Ukiuchomoa, hata ukiwa mzima, hauna tena nguvu ya kusukumana na chuma, na nguvu hiyo ndiyo iliyokuwa ikizuia maji. Mingine hugeuka kitu kinachonata kama lami. Baadhi ya saa za miaka ya 1940 na 1950 zilifungwa kwa pete ya madini laini ya risasi, ambayo hubonyea mara moja tu kuchukua umbo la mfuniko wake. Ukiifungua na kuirudisha ileile, umeziba kwa matumaini.

Halafu kuna bodi. Kwenye joto la pwani, jasho lenye chumvi hujikusanya kati ya mfuniko na bodi, mahali pasipofikiwa na kitambaa, na hapo hata chuma cha pua hutoboka vishimo. Kishimo kimoja kikikatiza njia ya mpira, hakuna mpira mpya utakaosaidia hadi uso ule usawazishwe. Bodi za shaba iliyopakwa kromu ni mbaya zaidi: rangi ikibanduka, shaba huliwa haraka.

Kwa hiyo mteja akiniuliza kama saa yake ya mwaka 1977 inaweza kuingia majini, jibu langu ni hapana mpaka ipimwe, na haipimwi mpaka ifanyiwe kazi hii. Fungua mfuniko na safisha mfereji kwa kijiti cha mti, si kwa bisibisi. Pima kipenyo cha mfereji na unene wa mpira. Mpira mpya lazima uchomoze kidogo juu ya mfereji ili ubanwe, lakini ukiwa mnene kupita kiasi mfuniko utauma hesi (mikato ya skrubu) vibaya au utaukata mpira. Paka grisi ya silikoni kwa utando mwembamba tu. Grisi nyingi hunasa vumbi na nyuzi za nguo, na unyuzi mmoja juu ya mpira ni njia ya maji. Kifundo usikihurumie: kwenye saa nyingi mpira wake haubadiliki peke yake, hivyo badilisha kifundo kizima, na ukague kibomba kinamoingia, maana kikiwa kimelika upande mmoja mpira mpya utalika vilevile. Kioo cha plastiki chenye nyufa ndogo ukingoni usikipige polishi. Weka kipya.

Ndipo upime, kwanza kwa hewa. Mashine ya kupimia pakavu hutazama jinsi bodi inavyobonyea na kurudi chini ya presha. Hapa mafundi wengi hudanganyika: saa inayovuja sana hujaa hewa upesi mno kiasi kwamba haibonyei kabisa, na fundi asiye makini huisoma kama saa imara. Ikipita pakavu, ndiyo iende kwenye chombo cha maji. Ining'inize juu ya maji, pandisha presha hadi bar 3 (sawa na kina cha mita 30 hivi), subiri dakika kadhaa, izamishe, kisha punguza presha polepole. Mfululizo wa vipovu kutoka sehemu moja ndio uvujaji wenyewe. Itoe majini hapohapo, presha ya ndani ikiwa bado kubwa kuliko ya nje, la sivyo utaingiza mwenyewe maji uliyokuwa unayakimbia.

Ukitaka kujua kama unyevu umo ndani tayari, ipashe saa hadi nyuzi 40 hadi 45 kwa dakika kumi au zaidi, dondoshea kioo tone la maji ya kawaida, subiri dakika moja, futa. Ukungu ukibaki upande wa ndani wa kioo, maji yamo.

Maandishi ya nyuma yana kazi nyingine, na hapo ndipo mkusanyaji anapaswa kuyasoma kwa makini: yanasaidia kutambua umri. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mamlaka ya biashara ya Marekani ilikataza neno WATERPROOF (haipitishi maji kabisa) kwenye saa, na viwanda vikahamia WATER RESISTANT (inahimili maji). Seiko 6105 ya kupigia mbizi iliyoanza 1968 ina uso (bamba la namba chini ya kioo) wenye maandishi WATER 150m PROOF kwenye nakala za mwanzo na RESIST kwenye za baadaye. Seiko 6309-7040, iliyotengenezwa kati ya 1976 na 1988, ni ya RESIST. Ukikuta PROOF kwenye uso wake, uso huo si wake. Linganisha pia uso na mfuniko, kisha soma namba ya mfululizo: kwenye Seiko za miaka hiyo tarakimu ya kwanza ni mwaka na ya pili ni mwezi, ambapo O ni Oktoba, N Novemba na D Desemba. Namba inayoanza na 74 kwenye 6309 ni Aprili 1977 au Aprili 1987. Na zile herufi ndogo sana ukingoni mwa chini wa uso huanza na namba ileile ya mashine (mtambo wa ndani wa saa) iliyo mgongoni. Nyuso zilizopakwa upya, ambazo nyingi hutoka India na kuuzwa mtandaoni zikiwa na rangi kali ambazo kiwanda hakikuzitumia, hukosea hapo au huacha patupu kabisa.

Sasa dhana nyingine. «Saa ya mita 30 haifai kuogelea kwa sababu mkono unaposogea presha huongezeka.» Hili hurudiwa hata na wauzaji wa saa mpya. Hesabu yake ni rahisi: mkono ukikata maji kwa mita 3 kwa sekunde, presha inayoongezeka ni kama bar 0.045, sawa na chini ya nusu mita ya kina. Saa ya bar 3 haiuawi na mkono. Inauawa na mpira mkavu, kifundo kilichoachwa wazi, na kuoga kwa maji ya moto yenye sabuni kisha kwenda kwenye baridi: hewa ya ndani husinyaa na kuvuta unyevu. Bafu la moto ni adui mkubwa wa saa kongwe kuliko bwawa la kuogelea. Kama ni saa ya kupigia mbizi iliyothibitishwa kwa ISO 6425, kiwango cha kimataifa cha saa hizo, kina kinaanzia mita 100 na kila saa hupimwa kwa asilimia 125 ya presha iliyotajwa. Kipimo hicho nacho ni cha siku ya kutoka kiwandani.

«Saa isiyo na kifundo cha kufungwa kwa hesi si ya kuzamia.» Seiko 62MAS ya 1965, ya mita 150, haina. Seamaster 300 ya Omega ya 1957 ilitumia kifundo kilichobuniwa kubanwa na presha ya maji yenyewe.

«Saa ina vifundo viwili, basi ni Super Compressor.» Hapana. Super Compressor ni bodi iliyotengenezwa na kampuni ya Uswisi iitwayo EPSA kwa chapa nyingi, na sifa yake ni mfuniko unaokandamiza mpira zaidi kadiri saa inavyozama. Fungua utafute alama ya kofia ya mpiga mbizi ndani ya mfuniko. Bila alama hiyo, usilipe bei yake.

«Rolex Oyster ilivuka Mlango wa Uingereza mkononi mwa Mercedes Gleitze.» Katika jaribio la muogeleaji huyo Mwingereza la tarehe 21 Oktoba 1927 saa ilikuwa shingoni, na hakufika ng'ambo siku hiyo; alitolewa majini kwa baridi. Saa ilikuwa bado inatembea. Wala bodi ya kufungwa kwa hesi haikuanzia kwenye Oyster: François Borgel wa Geneva alikuwa na hataza ya bodi ya hesi tangu 1891.

«Ikiingia maji, iweke kwenye mchele, au juani.» Mchele hautoi maji yaliyo chini ya gurudumu. Jua huyageuza mvuke, nao hutua kwenye springi ya nywele (ile nyembamba inayoongoza mapigo ya saa) na kwenye uso. Vuta kifundo, mpelekee fundi siku hiyohiyo. Maji ya bahari hayasubiri kesho: ikiwezekana mashine itolewe, uso na mishale vitenganishwe nayo, isuuzwe kwa maji yasiyo na chumvi kuondoa chumvi, kisha ikaushwe na kuoshwa kabisa.

«Rangi ya kung'aa imezimika, hivyo haina mionzi tena.» Radiamu, madini yenye mionzi yaliyotumika hadi miaka ya 1960, nusu-uhai wake (muda wa mionzi kupungua nusu) ni takriban miaka 1,600; kilichochoka ni madini yanayong'aa yaliyochanganywa nayo. Maandishi ya T SWISS T chini ya uso ni ya tritiamu, nayo yenye mionzi, ambayo nusu-uhai wake ni miaka 12.3 na hupungua kweli. Uso wa radiamu usiukwangue wala kuupuliza. Vumbi lake likivutwa pumzi ndilo hatari, kwa hiyo saa ifunguliwe na fundi mwenye glavu na meza inayofutwa kwa kitambaa kibichi.