Nukta Nyekundu Si Moshi: Tunavyofuatilia Moshi wa Nyika kwa Setilaiti

Januari moja mzee wa Bweyale, wilayani Kiryandongo, Uganda, alitupigia simu alfajiri. "Mwanangu, tumeamka macho yanawasha, na hapa kijijini hakuna aliyechoma shamba. Huu moshi ni wa nani?"

Kwanza tulifungua FIRMS, ramani ya moto ya NASA ambayo mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuiangalia bure. Taarifa huingia ndani ya muda wa saa 3 hivi baada ya setilaiti kupita. Katika kiangazi cha Desemba hadi Februari, kaskazini mwa Uganda na Sudan Kusini hujaa nukta nyekundu kama upele. Hapo ndipo wengi wanapopotoka. Nukta si moshi, wala haionyeshi ukubwa wa moto. Ni kipande cha ardhi, mita 375 kila upande kwa kifaa cha setilaiti kiitwacho VIIRS, ambacho joto lake limezidi la vipande jirani. Mabua ya mtama yanayowaka kwenye kona ya shamba yanatosha kukiwekea kipande kizima alama.

Tena VIIRS hupita kwetu saa saba na nusu mchana na saa saba na nusu usiku. Anayewasha magugu saa kumi jioni, yakazimika kabla ya magharibi, hayumo kwenye ramani. Meteosat, setilaiti ya hali ya hewa ya Ulaya, huitazama Afrika kila baada ya dakika 10 hadi 15 na ingeweza kumkuta, ila kwa kuwa kipande chake ni kikubwa kuliko cha VIIRS, moto mdogo huiponyoka. (Kuchoma nyasi ovyo kumekatazwa kisheria tangu 1974, lakini setilaiti haimjui mwenye kiberiti.)

Moshi wenyewe tunautafuta kwenye picha ya rangi za kawaida. Wingu ni jeupe na lina kingo. Moshi ni kijivu cha kibuluu, ardhi huonekana kwa chini yake, na mkia wake ukiufuata kinyume cha upepo unakufikisha motoni. Ukishatawanyika hadi macho hayauoni, tunafuata gesi ya monoksidi ya kaboni inayotoka motoni, ambayo hukaa hewani wiki kadhaa. Setilaiti ya Sentinel-5P, iliyorushwa 2017, huipima kila siku.

Kwa mzee wetu, mkia ulianzia nyika za Sudan Kusini. Upepo ulikuwa wa kaskazini-mashariki, ule watu wa pwani wanaouita kaskazi.

Hata hivyo setilaiti hutazama kutoka juu, na moshi unaweza kupita kilomita 2 angani bila kumgusa mtu. Usiku hewa ya chini ikipoa, moshi ulioshuka hubanwa karibu na ardhi, ndiyo maana macho huwasha zaidi alfajiri. Kinachovutwa na mapafu hupimwa chini, kwa vipimahewa kama vile vya mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere.

Siku hizi mzee hutupigia akiwa ameshaangalia bendera ya shule inapepea kuelekea wapi.