Homa ya mjamzito, misukosuko ya balehe na akili ya mtoto

Tangu kampeni ya chanjo ya mafua kwa wajawazito ianze, swali moja linatufikia kwa sura nyingi: "Niliugua homa nikiwa na mimba, mwanangu atakuwa mzito darasani?" Homa moja haimhukumu mtoto. Tumelijibu mara nyingi, na tunalijibu tena.

Hofu imetokana na tafiti za panya. Panya mwenye mimba hudungwa poli I:C, kemikali inayoiga virusi ingawa haina kirusi hata kimoja. Kinga yake huamka, saitokini (kemikali ambazo kinga hutumia kupeleka ujumbe mwilini) zikapanda, hasa ile iitwayo intalukini-6. Mwaka 2007 watafiti walionyesha kwamba intalukini-6 ikizuiwa, watoto wa panya huepuka kasoro nyingi. Kinachosumbua ubongo unaojengwa, basi, ni mwitikio wa kinga ya mama.

Mwaka 2013 timu ya mtafiti Urs Meyer huko Zurich, Uswisi, iliongeza jambo la pili. Watoto wa panya hao, wakiwa katika balehe, walibanwa, wakanyimwa maji, wakahamishwa vizimba mara kwa mara. Kisha walipimwa wanavyoshtuka: kwa kawaida sauti ndogo ikitangulia kishindo, mnyama hushtuka kidogo tu. Waliopatwa na mambo yote mawili, kinga ya mama kuamshwa na misukosuko ya balehe, ndio ambao uwezo huo wa kutuliza mshtuko ulipungua zaidi. Balehe tulivu iliacha athari nyingi zimelala.

Wapo wanaokataa chanjo eti "nayo inaamsha kinga." Jamani! Mwitikio wa chanjo ni mdogo na wa muda mfupi. Mafua makali ndiyo yanayopandisha homa siku kadhaa. Tangu 2012 Shirika la Afya Duniani linawapa wajawazito kipaumbele cha chanjo hii, katika hatua yoyote ya mimba. Chanjo inayotumika kwa wajawazito haina virusi hai. Mweleze mhudumu umri wa mimba na mzio wowote ulio nao, kisha subiri kituoni kidogo baada ya sindano. Joto likifika nyuzi 38, nenda kliniki siku hiyohiyo. Ibuprofeni usimeze bila ushauri, hasa baada ya wiki ya 20, kwani inaweza kudhuru figo za mtoto.

Kwa mzazi wa kijana: kipigo, kejeli za darasani na ugomvi wa nyumbani usioisha vinaweza kupunguzwa. Akikosa usingizi, akijitenga na masomo yakishuka kwa zaidi ya wiki 2, mpeleke kwa daktari. Taja pia kama uliugua sana ukiwa na mimba yake. Daktari ataliandika kwenye historia yake, wala hatakulaumu.